Mmoja kwa Watatu: Hesabu ya Ugomvi

Himbi iko magharibi mwa jiji la Goma, kando ya Ziwa Kivu, katika mji ambao kuta nyingi zimejengwa kwa mawe meusi ya volkeno. Mtu akizingirwa na vijana watatu usiku, ukuta wa namna hiyo humlinda mgongo. Ukuta huohuo humfungia njia. Filamu za karate hazina habari na shida hiyo: humo maadui husubiri zamu zao kama watu kwenye foleni ya maji.

Mwaka 1916 mhandisi Mwingereza Frederick Lanchester, aliyekuwa akichunguza vita vya ndege, aliiweka shida hii katika hesabu. Wapiganaji wote wanapoweza kumshambulia adui kwa pamoja, nguvu ya kundi hukua kwa kipeo cha pili cha idadi yake. Kwa hiyo watatu hawamzidi mmoja mara tatu, bali mara tisa. Wakilazimika kumjia mmojammoja, tuseme mlangoni, tofauti hushuka hadi tatu.

Kushuka huko kutoka tisa hadi tatu ndiko kunakotafutwa na mazoezi ya aikido ya mtu mmoja dhidi ya wengi. Mwanafunzi hufundishwa asisimame katikati, atoke pembeni ya duara na kuzunguka, ili mshambuliaji wa kwanza awe kizuizi kwa wenzake. Kazi kubwa ni ya miguu. Ila wenzake wa mazoezi ni rafiki zake, na hakuna aliyeficha kisu.

Ubongo nao una mipaka. Kuitikia ishara moja inayoonekana huchukua kama robo ya sekunde. Mwaka 1952 mtafiti William Hick alionyesha kwamba muda huo hurefuka kadiri machaguo yanavyoongezeka. Misuli ikitumika kwa nguvu zote, akiba yake ya nishati ya haraka hupungua sana ndani ya sekunde 10 hivi. Baada ya hapo mikono huwa mizito, hata ya bingwa.

Judo ina fundi wake aliyezaliwa Bukavu, ng'ambo ya ziwa: Popole Misenga, aliyeshinda pambano lake la kwanza mjini Rio mwaka 2016 akiwa katika timu ya wakimbizi ya Olimpiki. Mchezo wake unafundisha jinsi ya kuanguka bila kuumia, elimu yenye thamani kubwa juu ya mawe ya Goma. Lakini kumbana mtu chini ni kuwaachia wenzake mgongo wako. Na bunduki, ambayo Goma inaijua mno, haimo katika hesabu hizi zote.

Ushahidi ulio karibu zaidi kwamba mafunzo ya kujihami husaidia unatoka Nairobi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kwenye jarida la Pediatrics, wasichana wa mitaa ya mabanda walipewa saa 12 za mafunzo ya kujihami: kutambua hatari, kupaza sauti, kujadiliana, na mwisho kabisa kupiga. Katika mwaka uliofuata, zaidi ya nusu yao walisema walitumia ujuzi huo kuzuia shambulio. Na washambuliaji waliotajwa zaidi hawakuwa genge la uchochoroni. Walikuwa wapenzi wao.