Ndoa si leseni: wenza wa kigeni na biashara za nyumbani Kilimanjaro

Uchaggani, aliyeolewa hakutarajiwa kukaa mikono mitupu. Tangu kahawa ilipoingia kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachagga, ilihesabiwa kuwa ya mwanamume, na ndizi ikabaki ya mwanamke. Ndizi zisizoliwa nyumbani zilipanda kichwani kwenda sokoni Mwika, Marangu Mtoni au Kiboriloni, zikarudi zikiwa chumvi, sabuni na ada ya shule. Bibi arusi aliyetoka Machame kwenda Rombo alipewa sehemu yake ya migomba akaanza kuuza, na hakuna aliyemwuliza ametoka wapi.

Leo mabibi arusi, na mabwana arusi pia, wanatoka mbali zaidi. Wengine wamevuka mpaka wa Holili tu, kutoka Taveta. Wengine wametoka Zambia, Ujerumani, Uholanzi au Marekani. Moshi ina mengi ya kukutanisha watu: Hospitali ya KCMC na chuo chake cha tiba, Chuo Kikuu cha Ushirika, Chuo cha Wanyamapori Mweka, mashirika yanayopokea vijana wa kujitolea, na mlima wenyewe wenye mita 5,895 unaoleta wageni kila mwaka. Watu hukutana, huoana, na mmoja huhama nchi. Harusi ikishapita, linabaki suala la riziki, na wengi hulijibu kwa biashara ndogo inayoanzia nyumbani.

Biashara hizo zina nafasi katika uchumi wa Moshi, na zinastahili kusimama. Lakini nyingi huanza kwa dhana moja ya hatari: kwamba cheti cha ndoa kinatosha kumfungulia mtu mlango wa kibiashara. Hakitoshi. Na tangu katikati ya mwaka 2025, kosa hilo lina gharama kubwa.

Kinachouzwa

Biashara za namna hii ziko katika makundi manne. La kwanza ni la jikoni: mikate ya unga usiokobolewa, keki za sherehe, jamu ya pasheni na matunda damu, siagi ya karanga, mtindi na jibini. Malighafi haziko mbali. Maziwa yanapatikana katika wilaya za mlimani, na Hai ina mfano wa kujivunia: ushirika wa maziwa wa wanawake wa Nronga, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuonyesha kwamba ng'ombe wawili watatu wa nyumbani wanaweza kuwa biashara ya kweli wenye nao wakiungana.

Kundi la pili ni la ukarimu: kulaza wageni kwenye vyumba vya ziada, kufundisha upishi wa mtori, machalari na kiburu, au kuwaonyesha wageni jinsi buni inavyomenywa, inavyokaangwa na kutwangwa. Uru Materuni imejijengea jina kwa kahawa na maporomoko yake ya maji, na fedha za mgeni huko hugawanyika kwa mwenye kihamba, mpishi na dereva. Kundi la tatu ni la cherehani na mikono: nguo za kitenge, batiki, sabuni za kuogea. La nne ni la kompyuta: tafsiri, uhasibu, usanifu na kufundisha lugha kwa njia ya intaneti, ambapo mteja yuko Berlin au Toronto na kazi inafanyika mitaa ya Rau au Soweto, mjini Moshi.

Makundi matatu ya kwanza hutegemea msimu. Wapanda mlima hujaa kuanzia Juni hadi Oktoba, na tena kiangazi kifupi cha Januari na Februari. Masika ya Machi hadi Mei huwapunguza sana. Desemba ina soko lake, pale Wachagga wa Dar es Salaam, Mwanza na ughaibuni wanaporudi vihambani na kuagiza keki, nyama, vinywaji na nguo za harusi na ubarikio. Anayepanga hesabu zake kwa kuangalia Agosti pekee, Aprili itamkuta hana kitu. Wanaodumu huwa na mteja wa mwaka mzima: duka la karibu na KCMC, shule ya bweni, hoteli inayonunua mkate kila asubuhi.

Karatasi zinavyosema

Mgeni aliyeoana na Mtanzania kwa kawaida hukaa nchini kwa pasi ya mtegemezi. Pasi hiyo humruhusu kuishi na mwenza wake. Si kibali cha kazi wala cha biashara. Sheria ya kuratibu ajira za wageni ya mwaka 2015 inamtaka asiye raia awe na kibali kutoka kwa Kamishna wa Kazi kabla ya kufanya kazi yoyote, hata ile ya kujiajiri. Anayetaka kuendesha biashara yake mwenyewe huhitaji pia kibali cha ukaazi daraja A kutoka Idara ya Uhamiaji. Mlango mkubwa wa uwekezaji uko mbali na jiko la nyumbani: chini ya Sheria ya Uwekezaji ya 2022, iliyotumika hadi 2025, mgeni aliyetaka cheti cha vivutio alitakiwa kuwa na mtaji usiopungua dola 500,000.

Uraia nao una ngazi mbili zisizolingana. Sheria ya Uraia ya 1995 inampa mwanamke aliyeolewa na Mtanzania njia ya kuomba uraia kwa ndoa wakati wowote mumewe akiwa hai. Mwanamume wa kigeni aliyemwoa Mtanzania hana njia hiyo; huomba kama mgeni mwingine yeyote. Na kwa kuwa Tanzania haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili, mwanamke anayeichukua fursa hiyo huuacha uraia aliozaliwa nao. Wengi husita, na kusita huko kunaeleweka.

Kisha ikaja amri ya leseni za biashara ya Julai 2025, iliyotolewa na aliyekuwa Waziri wa Viwanda na Biashara, Selemani Jafo. Iliorodhesha shughuli 15 ambazo asiye raia haruhusiwi kuzifanya. Zimo biashara ya jumla na rejareja, isipokuwa maduka makubwa ya kisasa na vituo maalumu vya wazalishaji wa ndani, saluni, isipokuwa zilizo hotelini au kwa ajili ya utalii, uwakala wa fedha kwa simu, ufundi wa simu, usafi wa nyumba na ofisi, kuongoza watalii, maduka ya vinyago na kumbukumbu, kununua mazao shambani, na umiliki au uendeshaji wa viwanda vidogo sana na vidogo. Adhabu kwa mgeni ni faini isiyopungua shilingi milioni 10, au kifungo kisichozidi miezi sita, pamoja na kufutiwa viza na kibali cha ukaazi. Raia anayemsaidia mgeni kufanya biashara hizo naye ana adhabu yake.

Nia ya amri hiyo ninaiunga mkono. Wafanyabiashara wa Kariakoo walilalamika kwa miaka kwamba wageni wenye mitaji mikubwa wanauza rejareja mlangoni kwao, na kilio hicho kilikuwa cha haki. Lakini amri hiyo inamtazama mgeni kama mgeni. Mama anayepika jamu Shanty Town, Moshi, mwenye watoto Watanzania na mume Mtanzania, anawekwa kapu moja na mwenye kontena lililoshushwa Dar es Salaam.

Njia zilizopo

Kwa wanandoa walioko njia panda leo, zipo njia tatu za halali.

Ya kwanza ni biashara kuwa ya mwenza Mtanzania kwa kweli. Yeye ndiye anayesajili jina BRELA, anayechukua namba ya mlipakodi TRA, anayeomba leseni halmashauri, anayesaini mikataba na kusimamia akaunti. Mwenza wa kigeni anayefanya kazi humo bado anahitaji kibali cha kazi. Kumtumia mume au mke kama jina la mlangoni huku mgeni akimiliki na kuendesha kila kitu ni jambo linalowaweka wote wawili hatarini.

Ya pili ni kuchagua kazi isiyokuwa kwenye orodha ya shughuli 15, kama kulaza wageni, kufundisha upishi au huduma za kompyuta, na kuiombea vibali vinavyostahili. Anayelaza wageni akumbuke mambo mawili. Kuongoza watalii na kupandisha watu mlima ni kazi za Watanzania, kwa hiyo mgeni wako mkabidhi kwa mwongozaji mwenye leseni. Na kanuni za fedha za kigeni za mwaka 2025 zinataka bei ya huduma ndani ya nchi itajwe na kulipwa kwa shilingi. Ubao wa bei za dola getini uondoke.

Ya tatu ni uraia, kwa mwanamke aliye tayari kuubeba uamuzi huo. Akishakuwa raia, vizuizi vya biashara vinavyomhusu mgeni havimgusi tena.

Mali ni ya nani?

Hapa ndipo machozi mengi yanapotoka, na ndipo wanandoa wengi hawataki kuzungumza mapema. Sheria ya Ndoa ya 1971 inachukulia kwamba mali iliyosajiliwa kwa jina la mmoja ni yake, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Sheria ya Ardhi ya 1999 inamzuia asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji chini ya sheria ya uwekezaji. Basi mwenza wa kigeni anaweza kuuza nyumba kwao, akanunua kiwanja Moshi, akajenga jiko na vyumba vya wageni, na jina lake lisionekane popote. Kihamba ndiyo kabisa: huenda kwa ukoo, kwa kawaida kwa watoto wa kiume.

Sheria haijamwacha mikono mitupu. Ndoa ikivunjika, mahakama hugawa mali iliyochumwa pamoja kwa kuangalia mchango wa kila mmoja, na tangu hukumu ya Mahakama ya Rufani katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, la mwaka 1983, hata kazi za nyumbani zinahesabiwa kuwa mchango. Nyumba ya familia haiwezi kuuzwa bila ridhaa ya mwenza. Lakini mchango huthibitishwa kwa ushahidi. Tunzeni stakabadhi za benki, andikeni makubaliano ya nani ametoa nini, na mwoneni wakili mngali mnapendana. Moshi ina KWIECO, shirika ambalo kwa miaka mingi limewasaidia wanawake kwa ushauri wa kisheria.

Kutoka jikoni hadi rafuni

Biashara ikishakuwa halali mikononi mwa mwenza Mtanzania, msaada upo. SIDO, shirika la kuendeleza viwanda vidogo lililoanzishwa 1973, lina ofisi Moshi na hufundisha usindikaji na ufungashaji. Barua ya SIDO humfikisha mjasiriamali mdogo Shirika la Viwango, TBS, ambako anaweza kupata alama ya ubora kwa miaka mitatu ya mwanzo bila kulipia. Tangu 2019, TBS ndiyo inayosajili vyakula na vipodozi, kwa hiyo jamu na sabuni zote hupita mlango mmoja. Mikopo ya halmashauri isiyo na riba, itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ni ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu walio raia.

Kodi isiogopwe. Mfanyabiashara binafsi mkazi mwenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka halipi kodi ya mapato ya makadirio. Juu ya hapo hadi milioni 100 hulipa kulingana na mauzo, na mwenye kumbukumbu hulipa kwa haki zaidi kuliko asiye nazo. Usajili wa VAT huanzia mauzo ya milioni 200. Anayefanya kazi za kompyuta kwa wateja wa nje naye asijidanganye: akikaa nchini siku 183 au zaidi katika mwaka, ni mkazi mbele ya TRA.

Kinachopaswa kubadilika

Jirani zetu wameshatengeneza njia. Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mtu aliyeoana na Mkenya kwa miaka saba haki ya kuomba kusajiliwa kuwa raia, awe mke au mume, na sheria yao ya 2011 inafungua ukaazi wa kudumu baada ya miaka mitatu ya ndoa. Mwenza wa Mkenya anajua anakoelekea. Mwenza wa Mtanzania anaweza kukaa miaka kumi akiwa mtegemezi kwenye nyumba anayoilisha.

Serikali inaweza kuwalinda wafanyabiashara wazawa bila kuzibana familia za wazawa hao. Iweke daraja la kibali kwa mwenza wa raia, linalomruhusu kufanya kazi na kuendesha biashara ndogo pamoja na mwenza wake, kwa ada ambayo biashara ya jikoni inaweza kuilipa. Liwe sawa kwa mke na mume. Liwe na masharti: ndoa iliyodumu, makazi ya pamoja, kodi iliyolipwa. Wizara ya Mambo ya Ndani na Wizara ya Viwanda na Biashara zikikaa meza moja, kazi hii haihitaji fedha nyingi.

Kwa wanandoa wanaojiandaa kuhamia Moshi, ushauri wangu ni huu: nendeni Uhamiaji, Idara ya Kazi na halmashauri kabla hamjanunua oveni. Soko lipo, malighafi zipo, na majirani watanunua. Anzeni na kibali.