Mgeni wa Majuma Mawili

Katika majira ya baridi ya mwaka wa 2011, nikiwa mtafiti mgeni mjini Leiden, Uholanzi, niliachiwa amana ambayo sikuiomba. Jirani yangu wa ghorofa ya chini, mwalimu wa hisabati, alibisha mlango akiwa amekumbatia mfuko wa turubai wenye kimo cha mtoto wa darasa la tatu. Mamake alikuwa amelazwa katika mji mwingine, naye alitaka nimtunzie mgeni wake kwa siku nne. Ndani ya mfuko mlikuwa na dijeridu.

Msomaji ambaye hajawahi kuiona ala hiyo na alifikirie gogo la mkaratusi lililo wazi ndani, lenye urefu wa mita moja hadi moja na nusu hivi. Hakuna fundi anayelitoboa. Mchwa ndio wanaoula moyo wa mti ungali umesimama mwituni, na kazi ya fundi ni kupita akiigonga miti ili asikie ni upi ulioliwa ukaliwa vyema. Huukata, akaubambua maganda, akausafisha ndani, kisha akaupaka nta ya nyuki pale pa kutia mdomo. Kwao ni kaskazini mwa Australia, hasa Arnhem Land. Mpigaji huilegeza midomo ikatetemeka, na mvumo unaotoka haukatiki hata kidogo, kwa sababu pumzi huvutwa puani wakati mashavu yanasukuma hewa iliyosalia kinywani. Yeyote aliyehudhuria harusi katika pwani yetu ameiona hila hiyo kwa mpiga nzumari, mashavu yamemjaa kama chura na wimbo hausimami.

Jirani yangu hakuwa mmiliki wa ala ile. Wala hakuwapo mtu mmoja aliyeimiliki. Wapigaji kadhaa wa Ulaya walikuwa wamechangishana fedha wakainunua, wakaandika orodha ya majina, na tangu hapo ikawa inasafiri kwa posta. Kila mmoja alikaa nayo majuma mawili, kisha akagharimia safari yake hadi kwa anayefuata. Walio maskini walipata kuipuliza ala ambayo wasingeweza kuinunua, na waliokuwa mafundi walijifunza jinsi gogo zuri linavyotakiwa kusikika. Jirani yangu mwenyewe aliingia katika mambo haya kwa ajili ya kukoroma. Alikuwa amesoma juu ya utafiti wa Uswisi uliochapishwa katika British Medical Journal mwaka wa 2006, ambao uliwachunguza wagonjwa 25 wenye tatizo la pumzi kukatika usingizini, na ukaonyesha kwamba waliopiga dijeridu kwa miezi minne walipungukiwa na usingizi wa mchana. Mkewe, aliniambia, ndiye aliyemlipia somo la kwanza.

Basi mimi, mtoto wa nchi ya joto, niliisimamisha amana ya watu kando ya kipasha joto cha chumba changu. Usiku wa tatu nilisikia mlio mkavu, kama kijiti kinapovunjwa. Asubuhi nikaona ufa wa shubiri moja na nusu. Nilijaribu kupuliza, hewa ikavujia ubavuni, na mvumo ukawa mkoromo.

Sikulala hadi jirani yangu aliporejea. Nilikuwa nimeshaipanga hotuba ya kuomba radhi, pamoja na hesabu ya posho yangu iliyosalia. Hakunikemea. Alitoa mfukoni mwa turubai daftari lenye jalada gumu ambalo sikuwa nimeliona, akafungua ukurasa ambapo mpigaji wa Denmark alikuwa amekiri ufa mwingine, mwaka uliotangulia. Akanipa kalamu. "Andika," akasema, kisha akaenda kutafuta gundi ya seremala na kamba. Aliyekuwa akingoja zamu yake kule Ubelgiji aliarifiwa kwamba mgeni ameumia na atachelewa.

Niliandika kwa Kiswahili, na chini yake tafsiri ya Kiingereza. Lakini kabla ya kuandika nililisoma daftari lote tangu ukurasa wa kwanza, kama ilivyo desturi ya watu wa kazi yangu, na hapo ndipo nilipopatwa na jambo ambalo halijaniachia hadi leo. Walikuwapo watu kumi na tisa mle. Waliandika juu ya noti ya mvumo, uzito wa mti, ugumu wa nta, nauli ya posta, mvua, hata paka aliyekimbilia chini ya kitanda. Jina la aliyeitengeneza ala halikuwamo. Ukurasa wa kwanza ulisema tu kwamba imetoka Arnhem Land, jambo ambalo ni sawa na kusema kwamba mkeka fulani umetoka Afrika ya Mashariki. Nilimuuliza jirani yangu. Alifikiri kwa muda, kisha akajibu kwamba aliyekwenda kuinunua hakuuliza.

Hata neno dijeridu si la wenyewe. Wayolngu wa kaskazini-mashariki mwa Arnhem Land husema yidaki. Upande wa magharibi huitwa mago, na kwingineko ina majina mengine. Neno hili tulilolizoea lilianza kuonekana katika magazeti ya Kiingereza ya Australia mapema katika karne ya 20, na wanaisimu wengi huliona kuwa tanakali: Wazungu waliusikia mvumo wakauiga kwa ndimi zao. Mwaka wa 2002 mtafiti mmoja wa Chuo Kikuu cha Flinders alipendekeza kwamba asili yake ni Kiayalandi, katika maneno yenye maana ya mpiga tarumbeta na weusi. Mimi sijashawishika. Lakini hata tukilikubali pendekezo hilo, jina limebaki kuwa la msikilizaji. Sisi nasi tuliiita pikipiki kwa mlio wake, ila pikipiki haikuwa na ukoo.

Yidaki ina ukoo. Kwa Wayolngu ulimwengu wote umegawanyika katika pande mbili, Dhuwa na Yirritja, na kila ardhi, mnyama, wimbo na mtu ana upande wake. Yidaki nayo imo katika mgawanyo huo. Si kwamba wamewafungia wageni mlango. Katika tamasha la Garma, lililoanza mwaka wa 1999, wamewafundisha wageni kuipiga. Wanachodai ni kuulizwa. Mwaka wa 2008 wachapishaji fulani waliomba radhi nchini Australia kwa kitabu kilichowaelekeza wasichana kuipiga, kwa kuwa wapo wenyeji wanaoishikilia kuwa ya wanaume. Nasi je? Siwa ya shaba ya Lamu na siwa ya pembe ya Pate hazikupulizwa katika harusi ya kila mtu. Leo watalii huzitazama zikiwa kimya katika makavazi.

Ningeishia hapo, nikiwalaumu wapigaji wa Ulaya, lau si simu niliyoipokea mwezi uliopita kutoka Vanga. Mwaka wa 2003, nikitafuta shahada ya uzamili, nilikaa huko nikirekodi wasemaji wa Kivumba. Bibi mmoja alinipa hadithi na nyimbo za majuma mawili. Siku ya kuagana aliniuliza: "Mwanangu, sauti yangu waichukua, wairejesha lini?" Nilimwambia karibuni. Aliyenipigia simu ni mjukuu wake. Bibi alifariki mwaka wa 2014, na wajukuu waliozaliwa baadaye wanataka kumsikia.

Wale wapigaji, pamoja na kasoro yao, hawakupitisha majuma mawili. Mimi nimekaa na amana hii zaidi ya miaka ishirini, na nimepandishwa cheo kwa ajili yake.

Kanda ni kumi na moja, katika katoni iliyo juu ya kabati la ofisi yangu. Moja imeota ukungu. Fundi wa redio ameniahidi mashine ya kuzichezea ifikapo Ijumaa. Juu ya kila kanda nimeandika tarehe, mahali na lahaja. Jina la bibi huyo nimelikuta kwenye mbili tu.