Kiangazi Kinapokaribia Songwe: Namna ya Kutunza Bustani ya Maua kwa Maji Machache

Na Mwandishi Wetu, Tunduma

Mvua za msimu katika Mkoa wa Songwe huanza Novemba na kukoma kati ya Aprili na Mei. Kuanzia hapo, kwa takribani miezi sita, bustani za maua za majumbani, shuleni, kwenye zahanati na katika ofisi za umma hutegemea maji ya ndoo. Katika Mji wa Tunduma, unaokua kwa kasi kutokana na biashara ya mpakani, maji hayo ndiyo yanayohitajika pia kwa kunywa, kupikia na kufulia. Kwa hiyo, kutunza maua katika mkoa huu ni kwanza suala la kupanga matumizi ya maji, na mpango huo huanza ardhi ikiwa bado na unyevu.

Aprili na Mei: Kuhifadhi unyevu

Kazi ya kwanza ni kuondoa magugu, kisha kufunika udongo kwa matandazo yenye unene wa sentimita 5 hadi 8. Nyasi kavu zisizo na mbegu, majani yaliyopukutika, maganda ya mpunga, na kwa wakazi wa Mbozi maganda ya kahawa yaliyokwisha kuoza, vyote vinafaa. Matandazo yasigusane na shina, kwa kuwa unyevu ukikaa hapo huozesha gome. Mwananchi anayefagia majani na kuyachoma moto huteketeza kitu ambacho kingepunguza safari zake za kwenda kuchota maji.

Juni na Julai: Kupunguza maji

Kwenye nyanda za juu za Tunduma, Mbozi na Ileje, miezi hii ni ya baridi na mimea mingi hupunguza kasi ya kukua. Anayeendelea kumwagilia kila siku hupoteza maji na huweza kuozesha mizizi. Kipimo rahisi ni kuchomeka kidole kwenye udongo hadi kina cha sentimita 5. Ukiwa bado na unyevu, subiri. Hali ni tofauti katika maeneo ya chini ya Momba na Songwe, kuelekea Bonde la Ziwa Rukwa, ambako joto huendelea kukausha udongo.

Agosti hadi Oktoba: Kipindi kigumu

Joto hupanda, upepo huvuma na vumbi hutanda, hasa kwa bustani zilizo kando ya barabara. Mwagilia asubuhi na mapema au jioni, ukielekeza maji kwenye shina. Maji mengi mara mbili kwa wiki huwa na manufaa kuliko maji kidogo ya kila siku, kwa sababu hushuka chini na kuvuta mizizi kwenda kina kirefu. Maji yaliyooshea mboga au kusuuzia nguo yanaweza kutumika kwenye maua, mradi hayana dawa ya kung'arisha nguo wala sabuni nyingi.

Maji yakipungua zaidi, okoa kwanza miti michanga na vichaka vya kudumu. Maua ya msimu mmoja yanaweza kupandwa upya, lakini mti uliotunzwa miaka miwili ukikauka, kazi yote huanza mwanzo. Bogenvilia na mshubiri vikishashika mizizi huvumilia ukame kuliko waridi na ukoka.

Vidukari na utitiri huongezeka katika ukavu. Vidukari wachache huondolewa kwa maji yenye sabuni kidogo. Inapolazimu kutumia kiuatilifu, kitumike kilichosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), kwa kufuata maelekezo ya lebo. Kwa asiye na maji ya uhakika, upogoaji mkubwa usubiri mwishoni mwa Oktoba ili machipukizi yapokelewe na mvua.

Novemba hadi Machi: Kupanda na kuvuna maji

Mvua ya kwanza isiwe ishara ya kupanda mara moja, kwani inaweza kufuatiwa na siku nyingi za jua. Subiri udongo ulowane vizuri, na fuatilia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA). Weka samadi iliyoiva na acha nafasi kati ya mimea ili hewa ipite na ukungu upungue.

Huu ndio wakati wa kuvuna maji. Paa lenye ukubwa wa mita za mraba 50 likipata mvua ya milimita 10 hupokea lita 500, sawa na ndoo 25 za lita 20, ingawa sehemu yake hupotea njiani. Mapipa yafunikwe, na visahani vya vyungu vimwagwe angalau mara moja kwa wiki ili visiwe mazalia ya mbu.

Miche kutoka ng'ambo ya mpaka

Mche unaonunuliwa Nakonde, nchini Zambia, unaweza kubeba wadudu au magonjwa ndani ya udongo wake, na madhara yake yakafika hadi kwenye mashamba ya mahindi na kahawa. Uingizaji wa mimea nchini unasimamiwa na Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020. Mwananchi anashauriwa kuwaona wakaguzi wa afya ya mimea mpakani kabla ya kununua, au kupata miche kwenye vitalu vya ndani ya mkoa.

Kwa dalili za ugonjwa zisizoeleweka, ofisa ugani wa kata ndiye wa kumwendea kwanza, akionyeshwa tawi lililoathirika kabla ya dawa yoyote kupuliziwa.