Feni ya Gari Isipozunguka, Tufuate Njia ya Umeme

Hapa Kitomanga tunapitiwa na barabara kuu ya kutoka Kilwa kwenda Lindi. Magari madogo ni mengi siku hizi. Yanabeba abiria, samaki, na wagonjwa wanaokwenda hospitali ya mkoa. Gari likichemka njiani na mgonjwa yumo ndani, hilo siyo jambo dogo. Leo tueleze ugonjwa mmoja wa gari: feni ya rejeta kukosa umeme.

Malori na Land Rover za zamani zilikuwa na feni inayozungushwa na mkanda. Injini ikiwaka, feni nayo inazunguka. Magari mengi madogo ya sasa yana feni ya umeme. Hiyo inangoja kuitwa. Maji yakipata moto sana, sensa inatoa habari na rilei inaunganisha njia. Umeme wa betri unapita kwenye fyuzi, unafika kwenye mota ya feni, kisha unarudi betri kwa waya wa ethi uliofungwa kwenye bodi. Njia hiyo ikikatika mahali popote, feni haizunguki.

Utajuaje kuwa kosa ni la feni? Tazama mshale wa joto. Kama unapanda gari likisimama, na unashuka gari likikimbia, shaka iwe kwenye feni. Gari likikimbia, upepo wa njiani unapooza rejeta. Kama mshale unapanda hata gari likikimbia, anza kutazama kwingine: pengine maji yanavuja au rejeta imeziba.

Mshale ukipanda sana, simama, zima injini, ngoja ipoe. Usifungue kifuniko cha rejeta ikiwa ya moto, maana maji yataruka na kukubabua. Mikono iwe mbali na feni. Inaweza kuzunguka hata injini ikiwa imezimwa.

Injini ikishapoa, tufuate njia hatua kwa hatua.

Kwanza, fyuzi. Ikiwa imekatika, weka mpya yenye namba ile ile. Usiweke kipande cha waya. Fyuzi hukatika ili nyaya zisiungue. Ikikatika tena, basi kuna shoti, au mota inakwama.

Pili, rilei. Weka nyingine ya namba ile ile, kisha jaribu.

Tatu, washa injini na AC. Katika magari mengi AC huita feni. Feni ikizunguka kwa AC lakini haizunguki kwa joto, tazama sensa na nyaya zake.

Nne, isipozunguka, zima injini na uchomoe plagi ya feni. Chukua balbu ndogo ya volti 12 yenye nyaya mbili, uziunge kwenye plagi. Washa tena injini na AC. Balbu isipowaka, acha waya mmoja kwenye pini ya umeme, wa pili uguse hasi ya betri. Ikiwaka sasa, ethi ni mbovu.

Je, kama balbu iliwaka tangu mwanzo? Wengi husema hapo hapo kuwa mota imekufa. Tusifanye haraka. Balbu ndogo inataka umeme kidogo, hata ethi yenye kutu huweza kuiwasha. Feni inataka umeme mwingi. Na sisi watu wa pwani tuna hewa ya chumvi, na maji ya samaki yanachuruzika kwenye magari. Zima injini, fungua skrubu ya ethi, sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, kaza, paka grisi. Kisha jaribu tena. Ikigoma, hapo ndipo shaka iwe kwenye mota.

Msasa na grisi ni vitu vya bei ndogo. Kichwa cha injini kikipinda kwa joto, gharama yake ni kubwa. Jirani akisema anakwenda kununua feni mpya, mwulize kwanza: ndugu, ethi umeitazama?