Risasi Nzito na Upepo wa Bisley

Wengi hudhani eti risasi nyepesi ndiyo hufika mbali kwa kuwa hutoka mbio. Wapi! Huko Bisley, Uingereza, walenga shabaha hushindania Ngao ya Elcho, iliyoanza 1862, kwa umbali wa yadi 1,000, 1,100 na 1,200. Yadi 1,000 ni mita 914, kama viwanja 9 vya kandanda vikipangwa!

Adui hapo ni upepo. Risasi nyepesi huanza kwa kasi lakini huchoka upesi, na upepo huisukuma kando. Ile nzito yenye unene uleule huwa ndefu zaidi. Hutoka polepole kidogo, ila hupasua hewa vizuri na kuutunza mwendo wake. Mwendo ukishuka hadi ule wa sauti, kama mita 340 kwa sekunde, risasi huweza kuyumba. Ndiyo maana wengi huchagua ya gramu 13 hivi.

Lakini bega nalo hulipa, maana teke la bunduki huzidi. Tena mifereji iliyomo mtutuni sharti izunguke upesi zaidi, tuseme mara moja kila inchi 10 badala ya 13. La sivyo risasi ndefu hupinduka hewani kama kijiti kilichorushwa, na shabaha isiione kabisa.