Kinga na Kinga Ndipo Moto Uwakapo



Wazee wetu walisema: kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kinga waliyoikusudia ni kijinga cha moto, ule ukuni uliokwisha kushika. Kimoja peke yake hufifia kikazimika. Viwili vikikutanishwa huwaka. Vijana wa leo wakilisikia neno hili hufahamu kinga ya mwili dhidi ya maradhi. Ajabu ni kwamba methali hii ya jikoni yaeleza barabara namna kinga hiyo ya pili inavyofanya kazi. Na mwenye kuifahamu kazi hiyo ataepukana na mambo mawili yaumizayo nyumba nyingi: kutapanya fedha kwa dawa zisizo na maana, na kumsingizia mtu asiye na hatia.

Mwili wa binadamu umejengwa kwa chembe ndogo mno, ambazo shuleni huitwa seli. Chembe hizi hazina ndimi wala masikio, lakini zina mazungumzo. Moja ikiingiwa na virusi huzitahadharisha jirani zake kwa kuwatuma wajumbe, nao ni vipande vidogo vya protini viitwavyo saitokini. Mwaka 1957, katika mji wa London, Alick Isaacs na Jean Lindenmann walichukua vipande vya utando wa mayai ya kuku yenye vifaranga, wakavitia virusi vya mafua vilivyokwisha kuuliwa kwa joto. Kisha wakayachukua maji yaliyozunguka vipande hivyo, wakayatia katika vipande vingine vizima. Hivyo vya pili vikapata nguvu ya kuvizuia virusi vilivyo hai. Mjumbe aliyekuwamo katika maji yale wakamwita intaferoni.

Je, mjumbe akifika hufanya nini? Mtu angedhani kuwa huingia ndani ya chembe kama mgeni aingiavyo ukumbini. Sivyo. Ujumbe wake huupokewa pale pale mlangoni. Juu ya ngozi ya chembe zimesimama protini nyingine mfano wa mabawabu, kichwa nje na mkia ndani. Hizo ndizo vipokezi. Na kila mlango na ufunguo wake: kipokezi humshika mjumbe anayelingana naye kwa umbo, kilima cha huyu kikaingia katika bonde la yule, na penye chaji chanya pakaelekeana na penye chaji hasi. Hapana gundi baina yao. Kuna mishiko midogo midogo mingi, kila mmoja dhaifu, lakini yote pamoja ni imara. Na kazi ikiisha waweza kuachana.

Sasa itazameni methali yetu. Vipokezi vingi vya namna hii vina vipande viwili au zaidi. Mjumbe hukishika kimoja kwa upande huu na cha pili kwa upande ule, akavikutanisha. Kule ndani mikia yao hukaribiana, na kila mkia umebeba kimeng'enya kiitwacho JAK. Vikiwa mbalimbali vimeng'enya hivi vimelala. Vikikaribiana, kila kimoja humwasha mwenziwe. Kinga na kinga! Moto wenyewe ni punje za fosfati zinazobandikwa kwanza juu ya mikia, kisha juu ya protini nyingine ziitwazo STAT. Hizi nazo hushikana mbili mbili, zikaenda mpaka kwenye kiini cha chembe, zikafungua kurasa za jeni zilizokuwa zimefungwa. Hivyo chembe hujitengenezea silaha kabla adui hajafika mlangoni. Kadhalika chembe ina njia za kuuzima moto huo: huvimeza vipokezi vyake, na hutengeneza protini za kuvituliza vimeng'enya vilivyowaka.

Vipande vya kipokezi vikipungua, mshiko hulegea. Yuko mjumbe aitwaye intalukini-2, ambaye kazi yake moja ni kuwaamrisha askari weupe wa damu wazaane. Akikuta kipokezi chenye vipande vitatu kamili, hushikwa kwa nguvu takriban mara 100 kuliko akikuta viwili. Basi askari mwenye vitatu husikia hata mnong'ono, na mwenye viwili huhitaji kelele.

Na kikiharibika kipande chenyewe, msiba huwa mkubwa. Kipande kimoja cha kipokezi hicho, kiitwacho gama, hutumiwa na wajumbe sita mbalimbali. Mwaka 1993 wataalamu walithibitisha kuwa jeni ya kipande hicho ikiwa na kasoro, mtoto wa kiume huzaliwa karibu hana kinga kabisa. Wajumbe wapo, wanabisha hodi, lakini mlangoni hapana wa kuitika. Maradhi hayo ndiyo yaliyompata David Vetter, aliyezaliwa Texas, Marekani, mwaka 1971, akalelewa ndani ya hema la plastiki lisilopitisha vijidudu, akafariki mwaka 1984 naye ana umri wa miaka 12.

Jeni hiyo imo katika kromosomu iitwayo X. Mwanamke anazo mbili, na iliyo nzima humtosheleza; kwa hiyo aweza kuibeba kasoro asiugue maisha yake yote. Mwanamume anayo moja tu. Mama wa namna hiyo, kila azaapo mtoto wa kiume, nusu kwa nusu mtoto huyo aweza kupatwa. Fikirini nyumba iliyozika watoto wa kiume wawili, na mjomba wao naye alifariki mchanga. Majirani watanong'ona uchawi, na mama ataambiwa ana mkosi. Dhulma iliyoje! Mama huyo hakufanya kosa lolote.

Na dawa ipo. Mtoto aweza kupandikizwa uboho, khasa wa ndugu yake anayelingana naye, na kheri ni miezi ya mwanzo kabla maradhi hayajamshika. Mwaka 2000 madaktari wa Paris walitangaza kuwa wamewatibu watoto kwa kuwatia jeni iliyo nzima. Baadaye baadhi yao walipata saratani ya damu, na kwa sababu hiyo njia ile ikarekebishwa.

Lakini wajumbe wakizidi, nao huua. Katika maradhi ya Korona, wagonjwa wengine mahututi walidhuriwa na moto wa kinga yao wenyewe, na mmoja wa wajumbe waliouchochea ni intalukini-6. Dawa ya tosilizumabu, iliyobuniwa Japani, hukaa juu ya kipokezi cha mjumbe huyo, naye akija hukuta nafasi imeshikwa. Mwaka 2021 matokeo ya uchunguzi wa Uingereza wa wagonjwa 4116 yalichapishwa. Wote walikuwa na upungufu wa oksijeni na dalili za uvimbe mkali mwilini. Waliopewa dawa hiyo walifariki 31 katika kila 100. Waliotibiwa kwa kawaida tu walifariki 35.

Basi, ndugu zangu, anayekuuzieni chupa ya "kuongeza kinga" mwulizeni: kinga ipi, ya mjumbe gani, na kwa kiasi gani? Moto mdogo hauivishi chungu, na mkubwa huunguza nyumba. Na mtoto mchanga akiwa haongezeki uzito, anaharisha hakomi, ana utando mweupe kinywani usiotoka, na kila homa ya mapafu ikipona hurudi nyingine, mpelekeni hospitali upesi, na mumweleze daktari khabari za watoto waliotangulia kufariki katika ukoo wa mama. Khabari hizo zisemwe kwa ajili ya tiba, wala zisigeuzwe kuwa lawama.