Dhuluma ya Kidogo Kidogo

Biashara ya bima ina tabia ambayo haimo katika biashara ya nazi wala ya nguo, kwamba muuzaji hupokea bei yake leo, na kile alichokiuza, ambacho si kitu ila ahadi iliyoandikwa, hakijulikani ubora wake mpaka siku nyumba itakapoungua au mwenye nyumba atakapofariki. Aliyepunjwa nguo huijua hasara yake palepale anapoikunjua mbele ya duka. Aliyepunjwa bima huijua ya kwake baada ya miaka 20, akiwa mgonjwa au mjane, na pengine asiijue kabisa, maana kampuni aghalabu haimwambii kwamba haitamlipa, bali humwambia asubiri, alete cheti kingine, ajaze tena fomu aliyokwisha kuijaza mara mbili. Dhuluma ya namna hii ni nyepesi kwa kila mmoja na nzito kwa jumla yake, na ndiyo sababu mahakama, iliyozoea kumtazama mdai mmoja mbele ya mdaiwa mmoja, huiona kwa shida. Marekani imeiwekea jicho jingine, nalo ni la makamishna wa bima wa majimbo.

Tanzania ina Kamishna wa Bima mmoja kwa nchi nzima. Kule Marekani kila jimbo lina wake, na katika majimbo 11 huchaguliwa kwa kura za wananchi. New Hampshire ilitangulia kumweka ofisa wa namna hiyo mwaka 1851. Mwaka 1869 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Paul dhidi ya Virginia, iliamua kwamba kutoa hati ya bima si biashara ya kati ya jimbo na jimbo, na kwa hukumu hiyo majimbo yakaachiwa shughuli yote kwa muda wa miaka 75. Mwaka 1944 mahakama hiyohiyo iliitangua rai yake. Hofu ikawaingia makampuni na makamishna kwa pamoja, na mwaka uliofuata Bunge likapitisha sheria iitwayo ya McCarran na Ferguson, iliyoyarudishia majimbo mamlaka yao kwa sharti la maana sana, kwamba sheria za serikali kuu juu ya biashara zitajitenga na bima kwa kadiri ile ambayo jimbo lenyewe linaisimamia. Jimbo litakalolala litanyang'anywa. Makamishna, waliokuwa na chama chao tangu 1871, wakatunga mwaka 1947 sheria ya mfano dhidi ya mwenendo usio wa haki, na majimbo yakaikimbilia kuinakili. Hata mtu mwenye ulimi mkali aweza kusema kwamba haki ya mjane ilipata mlinzi kwa sababu ya wivu wa watawala juu ya mipaka ya madaraka yao, wala mimi sina hoja ya kumkanusha.

Nichukue California. Sheria ya jimbo hilo imeyataja matendo yaliyoharimishwa: kumpotosha mdai juu ya masharti ya hati yake, kupuuza barua zake, kukosa taratibu za kuchunguza madai, na kumtolea mtu fedha haba hata alazimike kwenda mahakamani kutafuta zilizobaki. Chini ya sheria zimewekwa kanuni zenye hesabu za siku: siku 15 za kukiri kwamba dai limepokewa, siku 40 tangu uthibitisho kufika za kulikubali au kulikataa, na siku 30 za kulipa kilichokubaliwa. Tendo moja laweza kutozwa faini hadi dola 5,000, na likiwa la makusudi hadi dola 10,000. Hesabu hizi za siku zaonekana kuwa mambo ya makarani, lakini nionavyo mimi ndizo roho ya kazi nzima, kwa kuwa nia ya mtu imefichika moyoni mwake ilhali tarehe ya barua haifichiki.

Malalamiko ya mtu yanapofika katika idara ya kamishna, idara huyapeleka kwa kampuni, ambayo katika California hupewa siku 21 za kujibu kwa ukamilifu. Mengi huishia hapo: ama fedha hutoka, ama kampuni huonyesha kwamba hati haikuligusa jambo lililodaiwa. Barua lakini haifi. Huandikwa, huhesabiwa, hulinganishwa na nyingine zilizoletwa dhidi ya kampuni hiyo, na hesabu ikiinuka wakaguzi hutumwa, aghalabu kwa gharama ya kampuni yenyewe, wakachague majalada mia kadhaa katika makumi ya maelfu na kuyasoma moja baada ya moja. Kitabu cha mwongozo cha chama cha makamishna kimewapa mizani: makosa yakizidi asilimia 7 katika madai, au asilimia 10 katika mambo mengine, hudhaniwa kwamba ni desturi ya nyumba, si bahati mbaya ya karani aliyechoka.

Kwa ukaguzi wa aina hii, uliofanywa na majimbo mengi yakiongozwa na Maine, Massachusetts na Tennessee, kampuni ya UnumProvident, iliyouza bima ya watu wanaoshindwa kazi kwa maradhi, ilifikia maafikiano mwaka 2004. Faini ilikuwa dola milioni 15, fedha ambazo kampuni kubwa huzitoa pasipo kukunja uso. Uzito ulikuwa katika sharti la kuyafungua upya madai zaidi ya 200,000 yaliyokataliwa au kukatizwa, pamoja na tishio la faini nyingine ya dola milioni 145 ikiwa ahadi hazitatimizwa. California ilikataa kuingia katika maafikiano hayo, ikafanya uchunguzi wake, na mwaka 2005 ikapata ya kwake.

Kisa kinachonishangaza zaidi ni cha orodha ya maiti. Serikali ya Marekani huweka daftari la waliofariki, na makampuni ya bima ya maisha yaliruhusiwa kulisoma. Wakaguzi waligundua kwamba yapo yaliyolisoma kwa bidii pale yalipokuwa yakiwalipa wazee malipo ya uzeeni, ili malipo yakome punde mzee anapokufa, wala hayakulisoma ili kuwatafuta warithi wa waliokata bima ya maisha. Jicho moja lilikuwa macho na jingine limefumbwa! Mwaka 2012 MetLife ilikubali kuyalipa majimbo dola milioni 40 katika maafikiano ya jambo hilo na kulitumia daftari pande zote mbili. Wengine nao walifuata njia hiyohiyo. Hakuna mjane mmoja ambaye angeweza kulivumbua jambo lile kwa kesi yake, kwa sababu wengi wa warithi hawakujua hata kwamba hati zilikuwapo.

Makampuni nayo hayakukosa hoja. Baada ya kampuni ya bima ya afya ya UnitedHealth kuinunua ile ya PacifiCare mwaka 2005, malalamiko ya wagonjwa na waganga yalifurika katika idara ya California, na baada ya usikilizaji wa miaka kadhaa jaji wa idara alipendekeza faini ya dola milioni 11.5. Kamishna Dave Jones aliikataa rai hiyo, na mwaka 2014, akihesabu makosa 908,547, akatoza dola milioni 173.6, yaani kama dola 191 kwa kila kosa. Kampuni ikaenda mahakamani na kudai kwamba sheria yakataza desturi, si tendo moja moja. Hakimu wa kwanza aliafiki na kuzifuta kanuni tatu. Mwaka 2018 mahakama ya rufani ikazirudisha, ikisema kwamba tendo moja lililofanywa kwa kujua latosha. Nadhani hukumu hiyo ni ya haki, kwani aliyedhulumiwa mara moja hapati faraja yoyote akiambiwa kwamba jirani zake walilipwa.

Hata hivyo msomaji asidanganyike kwamba faini hizi zamfikia mdai. Tangu hukumu ya Moradi-Shalal ya mwaka 1988 mtu binafsi katika California hawezi kushtaki kwa sheria hii. Silaha hiyo ameishika kamishna peke yake, na mwenye hati hubakiwa na kesi ya kawaida ya kuvunjiwa mkataba kwa nia mbaya. Basi ninyi wenzetu mnaoishi katika majimbo hayo, wala si haba, msiyachukulie malalamiko kwa kamishna kuwa badala ya kesi, kwa maana barua yenu kwake haiusimamishi muda wa kufungua shauri. Lakini iandikeni: haina ada, haihitaji wakili, na yatosha itaje namba ya dai na tarehe ya kila simu na kila barua, na nakala ibaki nyumbani.